Moto Hushuka, Kuni Huletwa: Hotuba ya Kufunga Kusanyiko la Familia

Wachungaji, wazee wa kanisa, akina baba na akina mama, vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele ambao mmezivumilia kwa siku tatu hotuba za watu wazima, nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Jana jioni mlikuja mbele familia kwa familia, mkashikana mikono, mkatamka kwa sauti moja maneno ya Yoshua: “Lakini mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA.” Nililia, wala sikulia peke yangu. Sikusimama hapa leo ili niuzime moto huo. Hata hivyo nimepewa saa ya mwisho ya kusanyiko, saa ambayo mizigo imekwisha kufungwa na mawazo ya wengi yako safarini, nami nimeonelea niitumie kuizungumzia siku isiyozungumzwa sana katika makusanyiko yetu, nayo ni siku ya 21 baada ya kurudi nyumbani.

Siku hiyo hakuna kwaya. Baba amechelewa kurudi, mama anaumwa kichwa, kijana mkubwa anajiandaa kwa mtihani, mdogo amesinzia kabla ya kumaliza kula, na Biblia iko palepale ilipowekwa wiki iliyopita. Je, siku hiyo nyumba yako itamtumikia Bwana kwa namna gani?

Tunaupenda mno mstari wa 15 wa Yoshua 24. Tumeuandika katika kadi za harusi na kuutundika sebuleni. Ni nani kati yetu aliyeendelea kusoma hadi mstari wa 19? Watu wote walipokwisha kuitikia kwa nguvu kwamba nao watamtumikia Bwana, Yoshua hakuwapigia makofi. Aliwaambia kwamba hawawezi kumtumikia Bwana, kwa kuwa ni Mungu mtakatifu. Wakaitikia tena kwamba watamtumikia, naye akawaambia wajue kwamba wao wenyewe ni mashahidi juu ya nafsi zao, kisha akasimamisha jiwe kubwa chini ya mti ili nalo liwe shahidi. Kwa nini mzee huyu anaipa mgongo shauku ya watu waliokuja kwa hiari yao?

Nadhani ni kwa sababu alikuwa na kumbukumbu. Akiwa kijana alikuwapo Sinai, ambako watu walisema kwa sauti moja kwamba maneno yote aliyoyanena Bwana watayatenda. Alipanda mlimani pamoja na Musa, na waliposhuka ni yeye aliyesikia kelele kambini akadhani ni kelele za vita, kumbe watu walikuwa wakishangilia mbele ya ndama wa dhahabu. Musa alikuwa amekaa mlimani siku 40 tu. Mtu aliyeshuhudia ahadi kubwa namna ile ikivunjika kwa muda mfupi namna ile hawezi tena kuridhishwa na sauti za kiapo. Na ukisoma mbele kidogo, katika Waamuzi 2, unakuta kwamba kizazi kile kilimtumikia Bwana siku zote za Yoshua na za wazee walioishi baada yake, kisha kikainuka kizazi kingine ambacho hakikumjua Bwana. Wazazi walishika ahadi yao. Watoto hawakumjua. Naomba tukae kidogo na maneno hayo mawili, kwa sababu yanawahusu hata wale kati yetu ambao hawajawahi kurudi nyuma hata siku moja.

Ndugu zangu, kuna picha moja katika kitabu cha Mambo ya Walawi ambayo imenisaidia kuliko hotuba nyingi nilizozisikia na nilizozitoa. Katika sura ya 9, Haruni na wanawe wamekwisha kuwekwa wakfu, sadaka ya kwanza iko juu ya madhabahu, na moto unatoka mbele za Bwana na kuiteketeza. Watu wanapiga kelele na kuanguka kifudifudi. Huo ndio moto tuliouona jana jioni, na hakuna mwanadamu anayeweza kuuwasha. Lakini rudini nyuma kidogo, katika sura ya 6, ambako maagizo ya madhabahu hiyohiyo yametolewa. Moto utawaka juu ya madhabahu daima, usizimike. Usizimike kwa njia gani? Je, kwa moto mwingine kushuka kila siku? Hapana. Kuhani ataweka kuni juu yake kila siku asubuhi. Moto ulitoka kwa Bwana, na kuni ziliachwa mikononi mwa watu. Mungu aliyeweza kuuwasha bila kuni aliagiza kuni ziletwe.

Kuleta kuni hakuna utukufu wowote. Hakuna anayepiga kelele wala kuanguka kifudifudi kwa kumwona mtu amejitwika mzigo wa kuni alfajiri. Ninyi mliokulia katika nyumba za kupikia kwa kuni mnajua kwamba kazi hiyo haimngojei mtu ajisikie kuifanya.

Miaka mingi iliyopita familia yangu ilitoka katika kusanyiko kama hili ikiwa inawaka. Usiku uleule tuliporudi tulipanga ratiba. Ibada ya nyumbani ingekuwa ya saa nzima kila jioni, kukiwa na nyimbo, somo, mafundisho na maombi ya kila mmoja. Nilinunua daftari kwa kila mtoto, na ratiba tukaibandika ukutani kwa wino wa rangi mbili. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Wiki ya pili tulikosa siku mbili, nami nikaamua tuzifidie kwa kuongeza muda wa siku zilizobaki, uamuzi ambao mke wangu aliupokea kwa kimya ambacho ningepaswa kukielewa. Wiki ya tatu tuliacha. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha. Ratiba iliendelea kubaki ukutani, nasi tukajifunza kupita mbele yake bila kuitazama. Ndipo binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, akauliza wakati wa chakula cha jioni: “Baba, ile ibada tumeimaliza?” Hakuuliza kwa dhihaka. Aliuliza kama mtu anayeulizia dozi ya dawa, kama siku zake zimekwisha.

Sikuwa na jibu. Nililala na swali hilo siku kadhaa, na mwishowe tukakaa, mimi na mama yao, tukakubaliana mambo ambayo hayakuwa na rangi mbili. Ibada itakuwa ya dakika 10. Itafuata chakula cha jioni, kabla vyombo havijaondolewa, kwa sababu chakula ni jambo ambalo nyumba yetu haikuwahi kulisahau. Atakayekuwapo ndiye atakayeomba, hata kama ni mtu mmoja na mtoto mmoja. Na siku iliyopotea haitalipwa, bali tutaanza na ya leo. Huenda mnaona ni mambo madogo mno kwa Mungu mkuu. Nami niliona hivyo. Lakini saa nzima ya kwanza ilidumu wiki mbili, na dakika 10 zile zimewalea watoto wetu hadi walipoondoka nyumbani.

Bwana Yesu mwenyewe aliweka neno hili ndani ya wito wake. Mathayo na Marko wanaandika kwamba anayetaka kumfuata ajitwike msalaba wake, na Luka anaongeza maneno mawili: “kila siku.” Na alipolituma neno kwa kanisa la Efeso, lililouacha upendo wake wa kwanza, aliliambia nini? Sisi tungeliambia liutafute tena msisimko wa mwanzo, likaandae kusanyiko jingine. Yeye aliliambia litubu na kuyafanya matendo ya kwanza. Alisema matendo. Hakuwaamuru wajisikie kama walivyojisikia siku ile. Aliwarudisha kwenye yale waliyokuwa wakiyafanya siku zile. Kwa hiyo wewe unayeniambia, “Siombi na watoto siku hizi kwa sababu moyo umepoa, nami sitaki kuwa mnafiki,” nakujibu kwa upole kwamba anayeleta kuni wakati moto umefifia si mnafiki. Mtu hutafuta kuni wakati gani, kama si wakati huo?

Sasa, sura ile ya 6 ina jambo jingine ambalo hatulihubiri. Kabla ya kuni, kuhani alikuwa na kazi ya majivu. Alivaa vazi lake la kitani, akayazoa majivu ya sadaka ya usiku na kuyaweka kando ya madhabahu, kisha akabadili mavazi na kuyachukua majivu nje ya kambi. Moto hufa kwa kukosa kuni, na hufa pia kwa kusongwa na majivu. Zipo nyumba ambazo kuni hazikosekani. Biblia inasomwa, nyimbo zinaimbwa, hata kufunga wanafunga, na bado watoto wanahesabu siku za kuondoka. Majivu ya jana hayajazolewa. Baba alimtukana mama mbele ya watoto jioni, na asubuhi akaongoza sala. Mama alimsingizia mtoto kosa lisilo lake, ukweli ukajulikana, na hakuna neno lililosemwa. Tunarundika kuni juu ya majivu, kisha tunashangaa kwa nini nyumba imejaa moshi.

Hapa nitasema habari zangu, maana sitaki kusema za mtu mwingine. Mwanangu wa pili alipofika miaka 14, nilianza kumwombea kwa namna ambayo sasa naionea haya. Nilisema, mbele ya wote, “Bwana, umsaidie mwanao huyu aache uvivu. Bwana, umfumbue macho aone jinsi wenzake wanavyomwacha nyuma katika masomo.” Niliyaita hayo maombi. Jioni moja aliinuka katikati ya sala, akatoka. Nilikasirika mno, nikamaliza kuomba kwa sauti ya juu zaidi ili anisikie huko aliko. Watoto walipokwisha kwenda kulala, mke wangu aliniuliza swali moja tu: “Ulikuwa ukizungumza na nani?”

Akina baba, mnajua swali la namna hiyo linavyomfanya mtu. Ilinichukua usiku mzima. Alfajiri nilikwenda mlangoni kwa mwanangu, nikamwambia kwamba nimelitumia jina la Mungu kumchapa, na kwamba naomba msamaha wake na wa Mungu. Hakuna malaika aliyeshuka. Alisema, “Sawa, Baba,” akaendelea kufunga viatu vyake. Lakini jioni ile aliketi nasi, na nilipochungulia kwa jicho moja, jambo ambalo kiongozi wa sala hapaswi kulifanya, nilimwona amefumba macho.

Nawaomba wazazi mnisikilize vizuri. Mtoto anaweza kusahau masomo yote uliyomfundisha kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, lakini hatasahau siku aliyokuona ukitubu. Kama hajawahi kukuona ukitubu, unamfundisha toba kwa kutumia kitu gani?

Mtaniuliza: je, iko familia iliyofanya hivi miaka mingi, na ikawa familia ya watu wa kawaida? Nitawapa moja, nayo si ya kawaida sana, ila matatizo yake tutayatambua. Katika kijiji cha Epworth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18, aliishi mama mmoja aliyeitwa Susanna Wesley, mke wa mchungaji Samuel Wesley. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wakiwa wachanga. Mumewe alifungwa gerezani kwa madeni. Wakati fulani wawili hao walikosana juu ya kumwombea mfalme wa wakati ule, mama akakataa kuitikia “Amina,” na mume akaondoka nyumbani kwa miezi kadhaa. Mwaka 1709 nyumba yao iliungua, na mtoto wao John, mwenye umri wa miaka mitano, akaokolewa kupitia dirishani. Watoto wakatawanywa katika nyumba za watu hadi nyumba mpya ilipojengwa, na waliporudi mama alikuta tabia nyingi zimeharibika na kazi ya malezi inabidi ianzwe upya.

Mama huyo alifanya nini? Katika barua aliyomwandikia mumewe mwezi wa Februari 1712, anaeleza kwamba kila jioni ya juma ameitenga kwa ajili ya mtoto mmoja, azungumze naye peke yake mambo ya nafsi yake. Jumatatu ni ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya Jacky, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili ilikuwa ya wawili, Emily na Sukey. Huyo Jacky wa Alhamisi ndiye John, ambaye pamoja na Charles wa Jumamosi walikuja kuwa waanzilishi wa vuguvugu la Wamethodisti. Miaka ipatayo 20 baadaye, John akiwa tayari ni mwalimu kule Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena sehemu ndogo ya ile Alhamisi jioni. Mtu mzima, msomi, mhubiri, anaomba arudishiwe Alhamisi yake!

Lakini nisiwadanganye kwa kusimulia nusu. Hetty wa Jumanne, msichana mwenye kipaji kikubwa cha mashairi, alipatwa na aibu ujanani, akaozwa kwa mtu asiyemfaa, na baba yake hakumsamehe kwa urahisi. Meza ileile, mama yuleyule, jioni za namna ileile. Ibada ya nyumbani si mashine ambayo ukiingiza sura moja ya Biblia upande huu utapokea mhubiri upande ule. Ninawaambia hivi kwa sababu najua wapo hapa wazazi waliofanya yote haya kwa uaminifu, na mwana wao hayumo katika ukumbi huu. Hatukuja kuwahukumu.

Wapo pia waliofika peke yao. Jana familia zilipokuja mbele zikishikana mikono, niliwaona akina mama kadhaa, na baba mmoja, wakibaki vitini kwa sababu hawakuwa na wa kumshika mkono. Kwenu ninyi nina nyumba moja ya kuwakumbusha. Matendo ya Mitume 16 inasema kwamba Timotheo alikuwa mwana wa mwanamke Myahudi aliyeamini, na baba yake alikuwa Myunani. Juu ya imani ya baba hatuambiwi neno. Paulo anapoitafuta asili ya imani isiyo na unafiki aliyoiona kwa kijana huyu, anawataja wanawake wawili tu, Loisi bibi yake na Eunike mama yake, na anaongeza kwamba Timotheo aliyajua maandiko matakatifu tangu utoto. Nyumba ile haikusubiri ikamilike ndipo ianze. Bibi alileta kuni zake, mama akaleta zake.

Na kwa ajili ya wale ambao wana wao hawako hapa, tuufungue waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, mahali ambapo mistari miwili imeketi jirani. Katika mstari wa 10 Paulo anasema kwamba Dema amemwacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa. Dema alikuwa mtenda kazi pamoja na Paulo, jina lake limo katika salamu za Wakolosai na za Filemoni. Mstari wa 11 unasema: umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi.

Ni Marko gani huyu? Ni yule aliyekulia katika nyumba ya ibada hasa, kwa maana ni nyumbani kwa mama yake Mariamu ambako kanisa lilikusanyika kuomba usiku ule Petro alipotolewa gerezani. Alitoka pamoja na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza akiwa na shauku yote ya ujana, na walipofika Perge akageuka, akarudi Yerusalemu. Paulo alipokataa kumchukua mara ya pili, ni nani aliyemchukua? Barnaba, jamaa yake wa damu. Ugomvi wao ulikuwa mkali hata mtume na mwenziwe wakaachana, naye Barnaba akamchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro. Sitaki kuamua hapa ni nani alikuwa na haki, ingawa kwa siri yangu najua niliko. Nataka tu mwone kwamba kijana aliyeishiwa na shauku alikuwa na ndugu aliyekubali kusafiri naye polepole, nje ya habari kubwa za kitabu cha Matendo, kwa miaka ambayo hakuna aliyeiandika. Mwishoni mwa miaka hiyo, mzee yule aliyemkataa anamwita kwa jina.

Ninamaliza. Mtakapofika nyumbani usiku huu mtakuwa mmechoka, na watoto watakuwa wamelala mabegani. Nawasihi, msipange ratiba usiku huu. Msinunue madaftari. Kabla ya kulala, someni mistari michache ya Injili ya Marko, ombeni Sala ya Bwana, mlale. Kama kuna neno mlilotupiana njiani mkija huku siku ya kwanza, nami najua yapo, kwa sababu nimewahi kusafiri na watoto, basi mlizoe kabla ya sala.

Sasa tusimame. Kila familia isogee pamoja, na safari hii watoto ndio waanze kuomba, wazazi waitikie. Wale mliokuja peke yenu, msibaki vitini leo. Mama yule mwenye kitambaa cheupe kule nyuma, njoo hapa kwetu, mke wangu amekushikia nafasi. Watoto, anzeni.